Kompyuta ni mgeni, sasa tuipe jembe

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kompyuta imekuwa mgeni wetu kwa muda unaozidi sana siku tatu. Imekaribishwa afisini, shuleni na hata katika vibanda vya mabati, ikapewa kiti na ikapewa umeme. Hata hivyo, badala ya kupewa jembe, imeachiwa kazi ya kumsahihisha mwenyeji. Mja huandika neno, nayo hulibadilisha. Hutia alama, nayo huweka nyingine. Huzipanga aya zake kwa namna aitakayo, nayo huzipanga upya kwa namna iliyozoea. Aghalabu aliyeandika hana habari, na aliyeandikiwa hana habari kabisa.

Kwa mtu mwenye kompyuta yake nyumbani, jambo hili laweza kuwa kero ndogo tu. Si dogo Kambi Muru. Kijiji hiki ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera, pamoja na Makina, Lindi, Mashimoni, Laini Saba na vinginevyo. Hapa, na vilevile kule Kawangware upande wa pili wa Barabara ya Ngong, wananchi wengi hawaandiki barua zao muhimu kwa mikono yao wenyewe. Huenda katika saiba, wakamweleza kijana aliyeketi mbele ya kibodi wanachotaka, naye akawapigia chapa. Katika vibanda hivyo huandikwa maombi ya kazi, maombi ya karo kwa hazina ya eneo bunge, mikataba ya kukodi chumba, katiba za vyama vya akina mama na malalamiko kwa chifu. Mteja hulipia kurasa zake, akazikunja, akaondoka. Hayo ndiyo maandishi yanayoamua kama mtoto atarudi darasani, au kama mpangaji atabaki chumbani mwake.

Ni muhali kuielewa kasoro hii bila kujua ilikotoka. Zamani za taipureta, mpiga chapa akibonyeza herufi, herufi hiyo ndiyo iliyotua karatasini. Likitokea kosa, lilikuwa lake. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya tisini, hasa 1993, programu ya Microsoft Word ilipotoka katika toleo lake la sita ikiwa na uwezo wa kusahihisha maneno yenyewe mtu anapoendelea kuandika. Mhandisi anayetajwa kuwa mwasisi wa uwezo huo ni Dean Hachamovitch. Fikra yake ilikuwa njema. Waandishi wa Kiingereza walikuwa na makosa yanayojirudia, kama vile kuzipindua herufi za neno "the" likawa "teh", naye akaona hapana haja ya kuwasumbua kila mara. Mashine ikapewa orodha ya makosa na masahihisho yake, kisha ikaachwa ifanye kazi kimya kimya.

Orodha hiyo iliandamana na kanuni nyingine: herufi ya kwanza ya sentensi iwe kubwa, alama za kunukuu zipindwe kama za vitabuni, mistari yenye nambari igeuzwe kuwa orodha. Kanuni zote hizo zilitungwa na watu waliokuwa wakiifikiria lugha yao na barua zao. Hapana ubaya katika hilo. Kila fundi hushona nguo kwa kipimo cha mteja aliye mbele yake. Ubaya ni sisi kuivaa nguo hiyo miaka na miaka bila hata kuuliza kama yatutosha.

Chukulia mfano wa Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Ibara ya 43 ndiyo inayowapa wananchi haki za kiuchumi na za kijamii, na hakuna ibara inayofaa kutajwa zaidi katika barua zitokazo mitaa ya mabanda. Kifungu cha 43(1)(b) chahusu makao ya kufaa. Kile kinachofuata, chenye herufi c, chahusu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Sasa mwambie kijana wa saiba akiandike kifungu hicho cha chakula. Ataandika herufi c katikati ya mabano, na pindi tu atakapoyafunga, mashine itayaondoa mabano na kuweka ile duara yenye herufi c ndani yake, alama ya hakimiliki ambayo wachapishaji huitia mwanzoni mwa vitabu. Haki ya mwenye njaa imegeuzwa kuwa nembo ya mwenye mali! Mawakili wa ng'ambo wamelalamikia jambo hilo hilo katika nyaraka zao kwa miaka mingi. Wao lakini wana makarani wa kusoma mara ya pili na ya tatu, ilhali mkazi wa Kambi Muru ana nakala moja tu aliyoilipia.

Huo si mfano wa pekee. Mkataba wa chumba ukisema kwamba kodi italipwa kuanzia tarehe 1/2, yaani siku ya kwanza ya Februari, mashine hudhani hiyo ni nusu, ikaiandika kwa umbo la nusu. Kiasi cha pesa kikitanguliwa na KSh, kama wengi wanavyoifupisha shilingi ya Kenya, mashine huona herufi mbili kubwa mwanzoni mwa neno, ikadhani kidole kimeteleza, ikaishusha ile ya pili. Mtu akifupisha neno tazama kuwa "taz." katikati ya sentensi, mashine huona nukta, ikaamua kwamba sentensi imekwisha, na neno linalofuata hupewa herufi kubwa lisiyoistahili. Hata ule usemi fasaha wa Kiswahili, "Barua i wapi?", hausalimiki, kwa maana mashine iliyofunzwa Kiingereza hudhani kwamba herufi hiyo moja ni kiwakilishi cha Mwingereza anayejitaja mwenyewe, ikaikuza.

Hatari zaidi ni nambari za aya. Tuseme chama cha akina mama wa Gatina, huko Kawangware, kinaandikiwa katiba yake ili kisajiliwe. Mpiga chapa aandikapo 1 na nukta, mashine huanzisha orodha, na tangu hapo hushika usukani wa kuhesabu. Baadaye wanachama wakiamua kuifuta aya ya tatu, zile zilizobaki hujihesabu upya: ya nne huwa ya tatu, ya tano huwa ya nne. Lakini maneno yaliyo ndani ya aya nyingine, kwamba mwanachama atafukuzwa "kama ilivyoelezwa katika aya ya 5", hubaki vilevile. Ikizuka fitina ya pesa mwaka unaofuata, aya ya tano haitakuwa ile waliyoikubali. Chama kimevunjika, na hakuna atakayeishuku kompyuta.

Tuje sasa kwenye majina ya watu na mahali, ambako jambo hili linagusa utambulisho wenyewe. Kiswahili, pamoja na lugha nyingi za humu nchini, kina sauti inayoandikwa ng', kama katika ng'ombe, ng'ambo na kung'ara. Kile kijialama cha juu si pambo. Ukikiondoa katika ng'oa, unabakiwa na ngoa, ambalo ni neno jingine lenye maana ya wivu au tamaa. Katika Kiingereza alama hiyo huonyesha kwamba herufi fulani imeachwa, au kwamba kitu ni mali ya fulani. Kwetu sisi ni sehemu ya herufi, sawa na mguu wa meza.

Mashine hailijui hilo. Huiona kuwa alama ya kunukuu, ikaipinda. Kwa jicho la binadamu tofauti ni ndogo mno, lakini kompyuta haina jicho, ina nambari. Alama iliyonyooka, ile iliyo kwenye kibodi, huhifadhiwa kwa nambari 39. Ile iliyopinda huhifadhiwa kwa nambari 8217. Kwa hivyo Lang'ata iliyoandikwa kwa alama moja na Lang'ata iliyoandikwa kwa nyingine ni maneno mawili tofauti katika kumbukumbu ya mitambo mingi. Ukilitafuta jina la Nyong'o au la Okong'o kwa alama moja, huenda mtambo ukakujibu kwamba mtu huyo hayumo. Mitambo mingine hushindwa kabisa kuisoma alama iliyopinda, ikaibadili kuwa vijialama vitatu visivyo na maana yoyote. Kila Mkenya aliyewahi kuambiwa kwamba jina lililo kwenye cheti chake halilingani na lililo kwenye kitambulisho ajua maana ya safari zinazofuata: nauli, foleni, kiapo cha wakili, kisha foleni nyingine.

Isitoshe, tahajia ya jina la mahali yaweza kubeba historia nzima. Eneo hili ambalo wengi huliita Kibera huitwa Kibra na Wanubi, na maana yake katika lugha yao ni msitu. Wazee wao walikuwa askari wa jeshi la kikoloni, wakakalishwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na katika jina Kambi Muru neno kambi bado limesimama kama shahidi. Eneo bunge lililomegwa kutoka Lang'ata kabla ya uchaguzi wa 2013 lilipewa jina la Kibra. Mnamo Juni 2017 jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya kumiliki ekari 288 za ardhi, baada ya madai ya miongo mingi. Katika mahali kama hapa, kuandika Kibera au Kibra ni uamuzi wa mwenye barua. Haifai uamuzi huo uachiwe orodha ya maneno iliyotungwa na watu wasiojua kama mahali hapa papo. Pana wanaoandika kwa simu siku hizi, na kibodi ya simu ina pupa zaidi: neno isilolijua hulibadilisha kuwa lile inalodhani linakaribiana nalo, na majina yetu ndiyo yanayoumia kwanza.

Kuna madhara mengine yasiyobadilisha herufi hata moja. Mtu akiandika Kiswahili katika programu inayodhani anaandika Kiingereza, takriban kila neno hupigiwa mstari mwekundu. Ukurasa mzima huonekana kama daftari la mwanafunzi mvivu. Matokeo yake ni kwamba mpiga chapa hujizoeza kuipuuza mistari hiyo. Siku atakapokosea kwa kweli, akaandika "mpagaji" badala ya mpangaji, mstari utakuwepo lakini hautasema neno. Mbwa anayebweka usiku kucha hamwamshi mwenye nyumba mwizi anapokuja.

Watasema baadhi kwamba kosa ni la Kiswahili chenyewe, kwamba lugha yetu haijaingia katika kompyuta. Kauli hiyo haina msingi. Ni kweli kwamba Kiswahili ni kigumu kukaguliwa kwa kufuata orodha ya maneno peke yake. Neno moja kama hawakutuandikia lina ukanushi, mtenda, wakati, mtendwa, mzizi na kauli ya kutendea, na kitenzi kimoja chaweza kuzaa maumbo mengi kupindukia. Hata hivyo wataalamu walishaukabili ugumu huo. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alianza katika miaka ya themanini kuunda mfumo wa kompyuta wa kuchanganua maneno ya Kiswahili hadi kwenye viambishi vyake. Mnamo 2004 mradi wa Kilinux, uliokiunganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya afisi iliyozungumza Kiswahili. Microsoft nayo ikafuata kwa kutoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Hapa Kenya, Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton alitayarisha orodha ya kukagulia tahajia ya Kiswahili inayotumika bila malipo. Kwa hivyo zana zipo. Zimelala kabatini, nasi twalia kwamba hatuna jembe.

Pana pia wale watakaosema kwamba usahihishaji huu una faida, na kwamba kuuzima ni kurudi kwenye zama za taipureta. Nao wana hoja. Mashine inayokumbuka kuanza sentensi kwa herufi kubwa humpunguzia mwandishi kazi. Sikusudii kusema kwamba uzimwe wote. Nasema kwamba uchaguliwe. Programu hizi zote zimempa mtumiaji mamlaka ya kuamua ni kanuni ipi ifuatwe na ipi isifuatwe. Mamlaka hayo tumeyaacha bila kuyagusa, kama mtu aliyepewa ufunguo akaendelea kuingia kwa dirishani.

Ufunguo wenyewe hauna ugumu. Katika Microsoft Word, mtu hufungua orodha ya Faili, akaenda kwenye sehemu ya chaguo, kisha ya uhakiki, na hapo atakikuta kitufe chenye maandishi AutoCorrect Options. Katika LibreOffice, ambayo ni ya bure, jina kama hilo limo katika orodha ya zana. Kitafunguka kisanduku chenye kurasa kadhaa. Ukurasa mmoja una ile orodha ya maneno na vibadala vyake: humo hutafutwa c iliyo katika mabano, ikafutwa mara moja, na Ibara ya 43 ikasalimika. Ukurasa mwingine una kanuni za kuyapa maandishi umbo yanapoandikwa: humo huondolewa tiki kwenye kupinda alama za kunukuu, kwenye kugeuza sehemu kuwa nusu na robo, na kwenye kuanzisha orodha za nambari. Tena kuna mahali pa kuandikia vighairi, ambamo vifupisho vyetu kama "taz." na "mf." huwekwa ili nukta yake isidhaniwe kuwa mwisho wa sentensi, na KSh ikaachwa ilivyo.

Jambo la pili ni kuiambia programu kwamba maandishi haya ni ya Kiswahili. Lugha ikibadilishwa, na orodha ya kukagulia tahajia ikiwepo, ule mvua wa mistari myekundu hukatika, na mistari michache inayobaki huwa na maana. La tatu ni kujua kwamba mashine ikibadilisha kitu bila ruhusa, kubonyeza Ctrl pamoja na Z papo hapo hulirudisha neno kama lilivyoandikwa. Na kwa kuwa kompyuta nyingine za saiba husahau mabadiliko yote zinapozimwa, mpiga chapa mwangalifu hukagua mipangilio hiyo kila asubuhi, kama fundi anavyokagua cherehani yake kabla ya kushona.

Hapa ndipo mgeni anapopewa jembe. Ile orodha ya vibadala si lazima iwe ya makosa ya Waingereza. Mpiga chapa wa Kambi Muru aweza kuitumia kwa faida yake, akaiamuru mashine kwamba kila anapoandika kbm, iandike Kambi Muru, Kibra. Kila anapoandika jyk, iandike Jamhuri ya Kenya. Na kila anapoandika kifupisho cha afisi fulani, iandike anwani yake kamili na sanduku lake la posta. Anwani ambayo huandikwa mara ishirini kwa siku haitakosewa tena. Kanuni ile ile iliyokuwa ikimpinga sasa yamtumikia, tena kwa lugha yake.

Wajibu huu una wenyewe. Wenye saiba wauone kuwa sehemu ya kazi wanayolipwa, na wasimkabidhi mteja karatasi kabla hajaisoma, au kusomewa, jina lake na kiasi cha pesa kilichotajwa. Walimu wa kompyuta wasiridhike kuwafunza vijana kukoza herufi na kupanga kingo. Wawafunze kwanza kuuliza ni nani aliyeamua mashine ifanye inavyofanya. Walimu wa Kiswahili nao waketi pamoja na wenzao hao, maana suala la ng' ni lao kabla halijawa la mafundi. Serikali, ambayo kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba ina Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, ihakikishe kwamba kompyuta inazozinunua kwa pesa za umma zinafika zikiwa zimeandaliwa kwa lugha hiyo, na kwamba mitambo yake inazitambua alama zote mbili za ng' kuwa kitu kimoja. Tangu 2021, UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tumeisherehekea kwa hotuba na mashairi. Saa moja ya siku hiyo ingetosha kubadilisha mipangilio ya kompyuta zote za shule moja.

Anayekwenda saiba kuandikiwa barua hanunui karatasi na wino peke yake. Ananunua uhakika kwamba alichokisema kitafika kama alivyokisema. Akisema jina lake lina ng', lifike na ng'. Akiitaja haki yake ya chakula, isifike ikiwa nembo ya hakimiliki. Mashine haina kinyongo naye; haijaambiwa tu. Sisi tulio mbele ya kibodi ndio wa kuiambia.